Komeo la Nyumba ya Toba

Mwaya, Kyela
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Mdogo wangu mpendwa Tulinagwe,

Ugonile, mwana wa mama. Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo, nikiomba karatasi hii ikukute umeketi mahali penye hewa, goti lako limetulia, na ile dawa ya presha unaimeza kwa saa zake. Nawasalimu pia majirani zako wa Morogoro, hususan yule mama wa nyumba ya pili anayekusaidia kuchota maji. Mimi ni mzima. Macho yanapungua, na sikio la kushoto limestaafu kama mwenyewe, lakini miguu bado inanifikisha kanisani na kunirudisha. Mpunga wa msimu uliopita ulikuwa mzuri. Kakao imeanza kuiva, na uani kwangu kote kuna ile harufu ya kakao inayochachuka, ambayo marehemu mke wangu Lucy alikuwa akisema ni harufu ya watu wanaojidai. Kaburi lake nimelisafisha. Yale maua uliyonitumia mbegu zake yamekubali.

Sasa niombe radhi. Barua yako ya mwezi Machi ilinifikia salama, nami nimekaa nayo miezi saba bila kuijibu. Mtu aliyesomeshwa misheni, kisha akafundisha watoto wa watu kuandika barua kwa miaka thelathini na minne, hana udhuru katika jambo kama hilo. Mara nne nilianza kukujibu, na mara nne nikaishia kwenye habari za hali ya hewa. Uliniuliza jambo moja tu: kama niliwahi kuuona mlango ule unaokujia usingizini tangu utotoni, na kama najua mkono wako ulifanya nini pale. Ulisema ungependa kulijua kabla hujafa. Nakuomba uisome barua hii taratibu hadi mwisho, hata ukiona nachelewa kufika. Sikwepi. Njia ya kwenda pale ni moja, na mimi sijaipita kwa miaka sitini na mitatu.

Mwanao Doreen aliwasili mwanzoni mwa Septemba na wenzake wanane na magari mawili yaliyojaa taa, nyaya na masanduku. Amekuwa mtu mzima wa kutazamika. Anatembea kama wewe, akitanguliza bega. Niliwapa vyumba vya uani na baraza. Jioni ya kwanza, tukila wali na samaki mbasa, alinieleza kwamba amekuja kupiga sinema ya kutisha, ila si ya mapanga na damu. Katika sinema hiyo, alisema, mtazamaji haonyeshwi kitu kwa muda mrefu. Anahisi tu kwamba nyumba haikai sawasawa. Nikamwambia kama ni hivyo asihangaike, aipige nyumba yangu, maana paa lake halijakaa sawasawa tangu El Nino. Walicheka wote, na Wilbroad, yule mpiga picha kutoka Bukoba, akasema mjomba naye atiwe kwenye sinema.

Kisha Doreen akanisimulia hadithi yenyewe. Kuna mtoto wa kike anayelelewa katika kundi la watu wa dini wanaozika dhambi zao ardhini na kukatazwa kuzitaja tena. Siku moja mtoto huyo anamfungia dada yake chumbani, na dada yake anakufa. Watu wazima wanaizika habari hiyo pamoja na dhambi nyingine, na mtoto anakua bila kuikumbuka. Akiwa mzee, mlango ule unaanza kumtembelea. Nilimuuliza ameitoa wapi hadithi kama hiyo. Aliwatazama wenzake, akapunguza sauti, akaniambia hakuitunga: habari za makundi ya namna hiyo na za dada yako aliyekufa utotoni alizisikia kwa wazee, na mlango aliutoa kwako. Mwaka juzi ulipofanyiwa upasuaji, wakati ukizinduka kutoka katika dawa ya usingizi, ulimshika mkono ukasema mara tatu, kwa sauti ya mtoto anayesoma mbele ya darasa: Mimi Tulinagwe nilisukuma komeo. Ulipoamka kabisa hukukumbuka kusema kitu. Hapo ndipo alipoelewa, alisema, kwa nini alikulia katika nyumba isiyo na komeo hata moja, ambamo choo hufungwa kwa kamba na hakuna chungu cha udongo jikoni.

Niliomba radhi, nikasema natoka kidogo kuangalia mbuzi. Sina mbuzi tangu mwaka juzi, Tulinagwe. Nilisimama tu karibu na zizi tupu. Sentensi ile niliijua neno kwa neno, na pia niliijua ile pumzi ndogo baada ya jina lako.

Asubuhi yake Doreen aliniuliza kama hapa Mwaya lilibaki jengo lolote la kundi la namna hiyo. Nilimjibu kwamba lilikuwapo moja, na mafuriko yalilichukua lote. Niliusema uongo huo nikiwa nimeshika Biblia, kwa kuwa ndiyo kwanza tulikuwa tumemaliza sala ya asubuhi. Haukuishi hata siku mbili. Mzee Andrea, rafiki yangu wa miaka yote, alikuja kuwatazama wageni, akaulizwa, akawapeleka mwenyewe. Aliporudi alinitania mbele yao kwamba uzee umeniingia kichwani, jengo liko pale pale nami napita karibu nalo kila nikienda shamba. Nikasema ndaga, asante, umenikumbusha.

Kwa kuwa ulikuwa mdogo, nikueleze mahali penyewe. Baba yetu, kabla hajarudi katika kanisa kubwa, alifuata kwa miaka michache kundi dogo la mwinjilisti aitwaye Ezra, aliyekuwa amejitenga na kila mtu. Kundi hilo halipo tena. Nyumba yao ya ibada waliiita Nyumba ya Toba, na nyuma yake, upande wa mto, walijenga ghala la matofali ya kuchoma lenye mlango mmoja na bila dirisha. Kila mwaka mwinjilisti alileta vyungu vidogo kwa mtumbwi kutoka Ikombe. Akina mama wa Ikombe walivifinyanga kwa mikono yao wakidhani ni vya maji. Sisi tuliweka midomo yetu kwenye mdomo wa chungu, mmoja mmoja, tukanena dhambi zetu humo ndani. Mwinjilisti alikifunika kwa udongo mbichi, akachora juu yake herufi ya kwanza ya jina la mtu, kisha kikazikwa chini ya sakafu. Sheria ilikuwa kwamba jambo lililozikwa halitajwi tena na yeyote, hata na aliyelinena, hata na mzazi wake. Kulitaja kulikuwa sawa na kumfukua maiti. Huo ndio udongo mbichi uliosema katika barua yako kwamba harufu yake inakutapisha bila sababu.

Jengo kubwa limebaki kuta. Ghala lenyewe ni zima, kwa sababu waliolinunua waliweka kakao humo kwa miaka mingi. Mlango ni ule ule wa mbao nzito, na komeo ni lile lile la chuma.

Doreen aliniomba nicheze kama mwinjilisti. Nilikataa mara tatu kwa adabu. Akasema nina sauti ya mimbari, hana mzee mwingine anayesoma Kiswahili cha zamani bila kukwama, na mama yake atafurahi kumwona kaka yake kwenye sinema. Nilipokubali, Mzee Andrea alisema nimekuwa staa uzeeni, na kwamba wajane wa Bujonde sasa watavunjana miguu kwa ajili yangu. Walinivisha kanzu nyeupe. Nilijitazama kwenye kioo cha gari lao, nami nikamwona Ezra. Mimi leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye, lakini nilisimama wima, mikono ubavuni, kama mtoto aliyeitwa mbele.

Mtoto aliyechaguliwa kucheza nafasi yako anaitwa Jubilate, ana miaka sita, mjukuu wa Asajile mvuvi. Ni mtoto mwenye mdomo. Siku ya kwanza aliniuliza kama kanzu yangu ni gauni la bibi harusi, na kama ndiyo, bwana harusi yuko wapi. Lakini mlangoni pa ghala alisita. Wala hakulia. Alisema tu kwamba mle ndani kuna baridi ya miguu. Tulikuwa katikati ya kiangazi, saa sita mchana, na matofali ya nje yalikuwa ya moto kiasi cha kumchoma mtu mkono. Doreen alifurahi, akamwambia Wilbroad aikumbuke kauli hiyo, itafaa. Mimi niliinama nikagusa sakafu ya ndani. Ilikuwa kavu kabisa. Nilipoinuka, viganja vyangu vilinuka tope.

Siku ya tatu, mtu wao wa sauti alitaka kurekodi ukimya wa chumba kile. Nilijifunza kwamba kila chumba kina ukimya wake, nao hurekodiwa pekee. Tulinyamaza sote. Kwa kuwa nilikuwa karibu, alinivisha vile visikilizio vyake vya masikioni. Mimi nisiyesikia kengele ya kanisa kwa sikio la kushoto, nilisikia kwa yote mawili maji yakipanda ukuta. Yalipanda polepole, bila mawimbi, kama maji ya ndoo inayojazwa na mtu asiye na haraka. Nilimuuliza kijana kama naye anasikia. Akasema ni nyasi, mzee, ni upepo kwenye nyasi. Siku hiyo hakukuwa na upepo, na mto uko mbali, umepungua hadi watoto wanauvuka kwa miguu.

Baadaye walichimba sakafu ya jengo kubwa, maana Doreen alitaka shimo la kuzikia vyungu vya sinema. Wakavikuta vyenyewe. Vilitoka kumi na kimoja, vingine vimepasuka, saba vikiwa vimezibwa bado. Vijana walishangilia kama watu waliopata dhahabu. Walivipanga juani kwenye ubao, navyo vikaanza kukauka. Ilipofika alasiri, mfuniko wa udongo wa kimoja ulipasuka wenyewe, ukatoa sauti fupi kama ya mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Wote walicheka kwa hofu. Wilbroad alisema hicho angalau kimeshindwa kuvumilia. Nilisogea nikavitazama kimoja baada ya kingine hadi nilipokiona chenye herufi T. Kilikuwa kizima. Nilikichukua mbele ya wote, nikasema nakiomba kwa kumbukumbu, na hakuna aliyenikatalia. Tangu siku hiyo kiko chumbani kwangu kwenye kiti cha Lucy. Sijaweza kukaa nacho chumba kimoja mlango ukiwa umefungwa.

Ikafika Alhamisi iliyopita. Siku hiyo walipaswa kupiga picha ya mwisho, ile ambayo mtoto anamfungia dada yake. Jubilate alipelekwa mlangoni, akaambiwa anyooshe mkono na kulisukuma komeo. Hakulifikia. Alisimama kwa vidole, akaruka mara mbili, akageuka akasema kwa hasira kwamba komeo hili waliliweka kwa ajili ya twiga. Watu walicheka hadi kamera ikatikisika. Walimletea tofali, bado akapungukiwa. Basi Doreen, akiwa amechoka na jua linashuka, alimwita Dickson seremala, akamwambia alishushe komeo hadi mtoto alifikie. Dickson alichukua bisibisi na nyundo. Misumari ya zamani ilitoka ikilia.

Nililitazama lile komeo likishushwa, mdogo wangu. Nilitazama jinsi ilivyo rahisi kuufanya uongo ukae sawa. Dickson alipotoboa tundu jipya usawa wa kifua cha mtoto, nilisikia mtu akipiga kelele aache. Nilikuwa mimi. Nilimwomba Doreen mbele ya wote, kwa machozi ambayo hayakuniheshimu, kwamba komeo lirudishwe lilipokuwa na picha ile isipigwe hadi wewe utakapokuwa umesoma barua yangu. Alikasirika, na alikuwa na haki. Aliniuliza nina siri gani. Nikamjibu kwamba wa kwanza kuisikia ni mama yake. Mwishowe akamwambia Dickson alirudishe.

Sasa nimefika. Nakuomba ukae, kama ulikuwa umesimama.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Aprili mwaka 1961. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, dada yetu Angetile tisa, wewe sita. Ilikuwa siku ya kunena vyunguni. Zamu ya Angetile ilipofika alikataa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba chungu hakina masikio, na kwamba yeye Mungu amekwisha kumwambia nyumbani. Watoto walicheka, na mzee mmoja wa kanisa naye akacheka. Ezra hakucheka. Alimshika mkono bila ukali, akampeleka ghalani. Akanichagua mimi, msomaji bora wa shule ya misheni, nisimame mlangoni. Aliniambia nifungue pindi tu Angetile atakaponena dhambi yake ya kweli, na kwamba nikifungua kabla, dhambi hiyo itakuwa yangu. Kisha yeye na wazee wakapanda kwenye nyumba ya mwinuko kufanya maombi, nao watu wengine wakatawanyika kwenda makwao.

Komeo nililisukuma mimi. Lilikuwa juu, nami nilisimama kwa ncha za vidole.

Wewe ulikuja umeshika ndizi mbivu. Uliipitisha chini ya mlango, kisha ukalala kifudifudi, na Angetile akatoa vidole vyake chini ya ubao mkachezeana. Ulicheka sana. Hivyo ndivyo mkono wako ulivyofanya pale, Tulinagwe. Ulimpa ndizi, ukacheza na vidole vyake. Hakuna kingine.

Kwetu mvua haikunyesha siku ile. Ilikuwa imenyesha milimani Rungwe, nalo anga letu likawa jeupe. Mto ulitoka kingo zake ukaja kupitia mashamba ya mpunga bila sauti. Angetile ndiye aliyeanza kusema kwamba miguu yake ina baridi. Nikamwambia anene. Akasema ameiba sukari ya mama. Nikasema hiyo naijua, hiyo si ya kweli. Akasema amemtukana mwinjilisti moyoni. Akasema alivunja jembe la baba, akasema amewachukia watoto fulani, akavitaja vitu ambavyo mtoto wa miaka tisa hawezi kuvitenda. Nilijua anasema ili atoke tu, nasi tulifundishwa kwamba toba ya namna hiyo ni dhambi ya pili. Mwishowe alisema bila kulia, kwa adabu aliyokuwa nayo kwangu: Kaka, nitajie wewe unayoitaka, niseme hiyo.

Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo. Niliuteremsha.

Nilikubeba mgongoni nikakimbia kwenda kuomba ruhusa. Wazee walikuwa wamepiga magoti, vichwa chini, mlango wazi. Nasi tulikuwa tumekatazwa kabisa kumkatiza mtu aliye katika maombi. Basi nilisimama kizingitini, nikangoja waseme amina. Uliniambia sikioni kwamba Angetile anaita. Ulipoanza kulia nilikufunika mdomo kwa kiganja ili usiwasumbue. Maombi yalikuwa marefu. Waliombea wagonjwa kwa majina, waliombea wasafiri, waliombea mvua. Walipoinuka, niliwasalimu kwanza, mmoja mmoja, kwa umri wao. Ndipo nikaomba ruhusa. Tuliporudi, maji yalikuwa yamefika kwenye komeo.

Ezra alinipeleka kando akaniuliza ni nani aliyefunga. Nilimtazama, nikasema ni Tulinagwe, alikuwa akichezea. Akalitazama komeo, akakutazama wewe ulivyokuwa mfupi, akanitazama mimi. Alijua. Kisha akasema labda mtoto alipanda juu ya chungu. Nami nikasema ndiyo, alipanda juu ya chungu. Habari hiyo ndiyo aliyopewa baba na mama kwa siri. Watu wengine waliambiwa mto ulimchukua Angetile akichota maji, na ikaamuliwa nawe uambiwe hivyo hivyo utakapokua.

Lakini ilibidi unene chunguni. Ezra alinipa kazi ya kukufundisha. Kwa siku saba nilikukalisha migombani nyuma ya nyumba, nikakukaririsha kama tulivyokaririshwa aya za Jumapili, hadi ukaacha kukosea. Mimi Tulinagwe, pumzi, nilisukuma komeo. Siku mbili za kwanza ulinibishia. Ulisema, si wewe, kaka? Siku ya tatu ulinyamaza. Siku ya tano ulilia usingizini kwa kuwa umeanza kuuona mkono wako kwenye komeo. Jumapili uliweka mdomo kwenye chungu ukasema maneno yangu kwa sauti yako, nayo yakazibwa, na kuanzia saa ile sheria ilimkataza kila mtu kuyataja. Ulisahau kila kitu isipokuwa mkono wako. Ule ndio niliokutengenezea.

Huenda unakumbuka kwamba baada ya mwaka ule mama hakukubeba tena mgongoni. Ulidhani umekua. Alikufa akiamini, Tulinagwe. Nilikaa kitandani pake wiki tatu, nikimsomea Zaburi, nami sikumwambia. Lucy naye sikumwambia. Alipozidiwa, nilisimama mlangoni pa daktari nikingoja amalize mazungumzo na mgonjwa mwingine, nikabisha hodi kwa upole, nikasalimia kwanza. Watu hunisifu kwa adabu yangu hadi leo. Wanaposifu, mimi husikia maji.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ni jambo kubwa mno kuombwa kwa karatasi. Wala sitakuomba uninyamazie. Mwambie umtakaye. Jumapili ijayo, baada ya ibada, nitasimama mbele ya ushirika nilioutumikia kama mzee wa kanisa na kuyasema haya kwa mdomo wangu, na Andrea nimemwomba akae mstari wa mbele asiniruhusu kuketi kabla sijamaliza. Doreen akitaka, aje na kamera yake. Mwisho wa sinema yake auandike upya kwa ridhaa yako, au auache. Komeo limerudishwa mahali pake. Dickson ameziba tundu jipya kwa mti, lakini alama inaonekana. Goti likikuruhusu kusafiri, njoo usimame pale uinue mkono mwenyewe. Hata leo utalazimika kuuinua juu ya uso wako. Sihitaji kuwapo, ukipenda nisiwepo.

Chungu chako nakutumia. Kimefungwa ndani ya kikapu cha makapi ya mpunga. Kivunje au kitupe, ni haki yako, ila usikiogope. Maneno yaliyomo humo ni yangu.

Nisalimie wote wa nyumbani. Kyala, Mungu wetu, akulinde. Nakushukuru kwa kuuliza, ndaga fijo. Nakuomba radhi kwa kuchelewa.

Ni mimi kaka yako,
Andongwisye

Barua hii inaletwa na Doreen mwenyewe, anayeondoka kesho kwa basi la asubuhi. Nilisema wa kwanza kuisikia ni wewe, lakini nimebadili nia: nimemwambia akifika Makambako aifungue na kuisoma kabla yako, ili akukabidhi akijua anachokukabidhi. Bahasha sikuiziba.